Watu wa Pazia la Nyuma

Hivi wewe umewahi kwenda kutazama mchezo wa jukwaani ukamsikia mkumbushaji? Kama ulimsikia, basi siku hiyo kazi yake ilimshinda. Mkumbushaji mzuri hasikiki wala haonekani. Anakaa ndani ya kijisanduku kilichochimbiwa kwenye ukingo wa jukwaa, mbele kabisa, kimefunikwa kwa ubao uliopinda kama gamba la kobe. Watazamaji wanaliona gamba tu. Waigizaji wanauona uso wake na midomo yake, na mwigizaji akisahau maneno, midomo ile ndiyo inayompelekea.

Mkumbushaji wa hadithi hii alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti ndogo kama maji yanayochujwa. Mle sandukuni alikuwa na kigoda, mto alioushona mwenyewe, taa ndogo yenye kifuniko cha bati, chupa ya chai, na kitambaa cha kujifutia, maana vumbi lote la jukwaani waigizaji wakikanyaga lilimwangukia yeye. Watu aliwajua kwa miguu. Alijua nani amevaa viatu vya kuazima, nani ana kidonda kisiginoni, na nani anaogopa. Mwenye hofu vidole vyake vya miguu hujikunja hata akiwa ndani ya kiatu cha mfalme.

Jumba zima lilimwita Mama Mdogo. Jina lilitoka kwa binti wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu akiwa hajang'oa jino. Mtoto yule alikua nyuma ya mapazia, akizunguka huku na huko, "Mama Mdogo! Mama Mdogo!" mpaka wazee wenye ndevu nao wakamwita hivyo hivyo. Binti mwenyewe aliitwa Unyoya kwa wepesi wake. Fundi wa mavazi alikuwa akisema usipige chafya ukiwa karibu naye, utamtafuta.

Jumba lile lilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyefundishwa na kila mtu aliifuata: kinachotoka sandukuni kinasemwa. Mwigizaji aliyekwama hana nafasi ya kufikiri. Anapokea na kutamka, kama goti linavyoruka likigongwa. Siku moja Mama Mdogo alipaliwa na chai, akanong'ona, "Maji." Juu yake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiagana na mchumba wake. Mwanamke akafungua mikono akalia, "Maji!" Watazamaji walifuta machozi. Mchumba naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akajibu, "Ndiyo, mpenzi wangu, maji," na mchezo ukaendelea.

Sasa tuje kwenye pazia.

Nyuma kabisa ya jukwaa lilining'inia turubai kubwa lililochorwa uwanja wa mji. Lilikuwa na kisima katikati, nyumba za ghorofa zenye madirisha ya kijani, njiwa wachache, na umati wa watu waliosimama kama wanaosubiri tangazo. Wazee wa jumba walisema hapo mwanzo umati ulikuwa mdogo na sura zake zilikuwa za kubuni. Baadaye watu wa kweli walianza kuhamia. Aliyemuudhi Mwenye Jumba kwa maneno alikutwa asubuhi yake paziani. Hakuna aliyemchora. Rangi ilikuwa mbichi mpaka adhuhuri, halafu ilikauka. Mpiga tarumbeta aliyeuliza kwa nini mlango wa dharura umefungwa mnyororo alikuwa upande wa kushoto, karibu na njiwa. Mkata tiketi aliyesema ukweli mbele ya wageni alikuwa dirishani, ghorofa ya pili. Mfagiaji aliwapangusa kila siku kwa kitambaa laini, akianza na nyuso, na alimsalimia kila mmoja kwa salamu yake. Hawakuitikia. Macho yao yalikuwa na unyevu kidogo, lakini turubai huvuta unyevu.

Ndiyo sababu watu wa pale walizungumza kwa nyusi. Ukimuuliza mtu hali yake, anainua nyusi, nawe unaelewa ana mgonjwa nyumbani. Mdomo uliponza kichwa, na pale kila mtu alikijua kichwa kilichoponzwa mahali kilipo.

Mbele ya pazia, juu sana, kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye minara miwili ya mbao. Kila mchezo ulikuwa na mtu wa kupita juu ya kamba, akiwa malaika au mwizi au mwezi, kutegemea hadithi. Miaka mingi aliyepita alikuwa mzee mmoja mwenye miguu kama ya ndege. Asubuhi moja, wakati wa mazoezi, kamba ililegea naye akaanguka. Nyonga ikavunjika kwa mlio ambao Mama Mdogo aliusikia vizuri kuliko wote, kwa kuwa alianguka karibu na sanduku.

Mwenye Jumba alishuka kutoka ofisini. Alikuwa mtu nadhifu mwenye harufu ya sabuni, na hakuwahi kusikika akipaza sauti. Alimwinamia aliyeanguka kwa huruma ya kweli kabisa.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Lakini tuelewane mapema tusije tukakosana. Wewe ulikuwa unacheza. Anayecheza hayuko kazini, na asiyekuwa kazini hawezi kuumia kazini." Halafu akajinyoosha, akawatazama wengine. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nani mwingine anaijua kamba?"

Unyoya akainua mkono. Alikuwa mwanafunzi wa yule mzee tangu utotoni.

Mama Mdogo alikuwa sandukuni anafuta taa. Neno likampanda mpaka kwenye meno. Akalitazama pazia. Mpiga tarumbeta naye alikuwa anamtazama. Akalimeza lile neno, likashuka kama mfupa wa samaki, likakwama mahali fulani chini ya titi.

Jioni ile walikula bila kusemezana. Unyoya ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama Mdogo, mbona hunipongezi?"

"Nakupongeza."

"Kwa uso huo? Hata wabeba jeneza wanakuwa na uso mzuri zaidi."

"Kula, chakula kinapoa."

"Sema basi."

"Niseme nini?"

"Hilo ulilolificha shavuni. Tangu asubuhi unalitafuna kama gundi."

Mama Mdogo akainuka, akafunga dirisha. Pazia lilikuwa upande wa pili wa mji na halina masikio, lakini hakuna aliyewahi kuhakikisha. Akarudi, akasema kwa pumzi tu, "Chini ya ile kamba hakuna wavu."

"Nikidai wavu nitakuwa paziani. Nisipodai nitakuwa hewani. Afadhali hewani, kuna upepo." Unyoya akacheka, akachukua kipande cha nyama kutoka sahani ya mama yake mdogo. "Na usiponila wewe kwa macho, mimi sianguki."

Alilolisema Mama Mdogo halikuwa lile neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi zaidi, na lilibaki palepale lilipokwama.

Wakati ule mwigizaji mkuu wa jumba aliitwa Mfalme, kwa kuwa hakuwahi kupewa kazi nyingine. Hata akienda kununua nyanya alitembea kama mtu anayefuatwa na walinzi. Alikuwa na sauti ya ngoma na kumbukumbu ya chekeche. Bila Mama Mdogo hangefika mwisho wa sentensi, naye alilijua hilo, na kila sikukuu alimletea kitambaa kipya.

Basi siku moja jumba limejaa, Mfalme akasimama mbele ya askari wake, akavuta pumzi ya kuamuru malango yafunguliwe, akakwama. Akashusha macho kwenye sanduku kama kawaida. Lakini Mama Mdogo hakuwa anatazama ukurasa. Alikuwa amejipenyeza mpaka shingo inauma ili aone juu, maana Unyoya alikuwa katikati ya kamba, na miguu ya Unyoya ndiyo pekee ambayo hakuweza kuisoma. Kamba ilikuwa inavuma kidogo kama mbu. Midomo ya Mama Mdogo ikajisogeza yenyewe. Ilikuwa pumzi, haikuwa hata sauti: "Wavu uko wapi? Sisi si watu?"

Mfalme akainua fimbo yake.

"Wavu uko wapi?" akanguruma. "Sisi si watu?"

Alilisema vizuri mno. Ukumbi ukasimama wote kwa makofi. Na mwigizaji akishasikia makofi, nani wa kumshika? Mfalme akalirudia akiwa amegeukia kushoto. Akalirudia tena kulia, mara hii kwa machozi. Askari wake, ambao hawakupenda kuachwa nyuma makofi yakigawiwa, wakalipokea pamoja. Malkia akalipokea. Hata aliyekuwa amekufa tangu mwanzo wa mchezo akanyanyua kichwa akalisema. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa umoja wa waigizaji na wasanii wa jumba lile, nusu kwa uchungu, nusu kwa tamaa ya makofi. Mama Mdogo alikuwa chini amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini mdomo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Kule juu kwenye kiti chake, Mwenye Jumba naye alipiga makofi, taratibu, kama mtu anayekung'uta unga mikononi.

Asubuhi yake Mfalme alikuwa paziani, karibu na kisima, taji kichwani, mdomo wazi. Mke wake aliitwa. Alikuja na mkoba, akauweka chini, akamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini.

"Wamekupunguza tumbo," akamwambia. Kisha akalia. Alipomaliza kulia akamuuliza mfagiaji ni siku gani ndugu wanaruhusiwa kuja.

Wasanii walikutana chumba cha mavazi. Walikaa katikati ya makoti na magauni yaliyoning'inia, hivi kwamba aliyechungulia mlangoni hangejua lipi ni koti na yupi ni mtu. Fundi wa mavazi, mwanamke mpana mwenye pini mdomoni saa zote, ndiye aliyeanza.

"Tuunde chama," akasema kati ya pini.

Wote wakautazama ukuta uliokuwa upande wa pazia. Wakasubiri. Hakuna kilichotokea, isipokuwa mabega ya makoti yalitikisika, na baadhi ya makoti yale yalikuwa matupu.

"Nani awe mwenyekiti?"

Ukasikia nondo anakula sufu. Mwishowe mtu akamtaja Mchekeshaji, mfupi mmoja mwenye masikio makubwa.

"Mimi?" akasema Mchekeshaji. "Mimi nina watoto."

"Sote tuna watoto."

"Wangu wanakula sana, jamani. Nyinyi hamjawaona. Wa kwanza anakula mpaka kivuli cha sahani."

Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kicheko kile ndicho kilichomchagua.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akasema fundi wa mavazi. "Kilio tunacho tayari, kimetundikwa pale nyuma. Tujaribu kicheko."

Halafu wakaingia kwenye suala la nani awe mwanachama. Wacheza ngoma, sawa. Waimbaji, sawa. Mpuliza filimbi alizua ubishi kidogo, akakubaliwa. Mchekeshaji akauliza, "Na Mama Mdogo je?"

Mmoja wa askari akakuna kichwa. "Kwa heshima zote, mama yetu. Mwanachama ni msanii, na msanii ni mtu anayeonekana."

"Mimi sionekani," Mama Mdogo akakubali upesi kutoka nyuma ya koti la jenerali.

"Karibu ukae nasi, lakini mkono usinyanyue."

"Asanteni sana."

Alishukuru kweli. Hofu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kukataliwa kulimfunika kama blanketi. Hakuna aliyeuliza Mfalme alikoyatoa yale maneno. Walisema aliyatoa moyoni. Wakasema hivyo siku ile, wakasema hivyo mwaka uliofuata, na wageni wakaja kuhadithiwa hivyo. Kila yalipohadithiwa, Mama Mdogo alivuta kitambaa kipya alicholetewa na Mfalme, akajifunika magoti kama mtu anayesikia baridi.

Mwenye Jumba hakukasirika. Aliwaita wote jukwaani akawapa mkono, mmoja mmoja.

"Chama ni kitu kizuri," aliwaambia. "Watu waliotawanyika wananichosha macho." Akawapa chumba kando ya choo kiwe ofisi, akawapa meza, akawapa ufunguo. Ufunguo wa pili akabaki nao.

Hoja ya kwanza ya chama ilikuwa wavu. Aliyetumwa kwenda kuisema ni fundi wa mavazi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeinuka kitini. Alipanda ngazi za ofisi akaingia, akalitaja neno, akateremka salama, akamaliza kushona gauni alilokuwa nalo. Asubuhi alikuwa paziani, hatua chache kutoka kwa Mfalme, na kila pini ya mdomoni ilikuwa imechorwa na mng'ao wake. Mwaka uliofuata alitumwa mcheza ngoma mmoja kijana, mwenye mwendo mzuri. Naye utamkuta pale, karibu na mpiga tarumbeta, mguu mmoja juu.

Mchekeshaji hakuwa mjinga. Alianza kuliita neno lile "kile kitu cha chini." Baadaye likawa "suala lile." Baadaye likawa "mengineyo," na lilikuja mwisho wa kila mkutano, wakati watu wameshavaa viatu. Alipolifikia, wote waliinamisha vichwa kidogo kama wanaombea marehemu, kisha wakaenda nyumbani.

Tusikionee chama, hata hivyo. Kilipata mambo. Kilipata kwamba watu wa paziani wapanguswe kwa kitambaa laini kama haki yao, wala si kwa huruma ya mfagiaji. Kilipata kwamba pazia likikunjwa lisikunjwe usawa wa nyuso. Kilipata benchi la ndugu, liwekwe pembeni mwa jukwaa, na siku ya mapumziko waje kukaa. Mke wa Mfalme alikuja kila wiki na sindano zake za kufumia, akampa mumewe habari za nyumbani.

"Mlango wa nyuma umeanza tena," angesema huku anafuma. "Fundi amekuja, amekula, ameondoka. Mwanao wa pili amechumbia. Binti ana sura ya kawaida, lakini mama yake ni mkali, utampenda."

Na chama kilipata jambo moja kubwa zaidi ya yote: kwamba aliye paziani ahesabiwe yuko kazini muda wote pazia linapokuwa limeshushwa. Mwenye Jumba alikubali bila kubisha. Kwa hiyo katika jumba lile zima watu waliotambuliwa kuwa wako kazini wakawa ni wale wa rangi tu. Wenye nyama waliendelea kuwa wanacheza.

Maneno ya Mfalme yalichongwa kwenye ubao, ubao ukatundikwa juu ya mlango wa ofisi. Kwa kuwa swali la kwanza lilikuwa na lile neno la kuhamishia watu paziani, waliliacha. Ukasomeka: SISI SI WATU? Wageni waliokwenda chooni walisimama wakausoma, wengine wakadhani ni kitendawili.

Muda wote huo Unyoya alikuwa anapita juu ya kamba. Alikuwa mwezi, alikuwa mwizi, alikuwa moshi wa mji unaoungua. Mama Mdogo alijifunza kumsikiliza badala ya kumtazama. Kamba ikivuma kama mbu, pumzi ilimtoka. Ikinyamaza, mikono ilimlowa, na kurasa zote za michezo ya miaka ile zina alama za vidole vyake pembeni, za jasho lililokauka.

Siku moja, Unyoya akiwa anapaka mafuta nyayo zake, alisema kama anayesimulia hali ya hewa, "Mimi nikiwa kule juu naonana nao uso kwa uso, unajua."

"Na nani?"

"Wa paziani. Nikianza kupita wananitazama wote. Nikifika katikati wanafumba macho."

"Wote?"

"Wote. Hata Mfalme, na yule anapenda sana kutazama." Akafunga kopo la mafuta. "Hawataki kuona, nadhani."

Mama Mdogo akainuka akafunga dirisha, ingawa lilikuwa limefungwa.

Ikafika sherehe ya chama. Ilifanywa mchana, jukwaani, mbele ya pazia, na watu waliingia bure. Mwenye Jumba alikuwa amekubali kuweka sahihi kwamba chama kitatambuliwa, na kwamba maneno ya Mfalme, yale yaliyobaki, yatakumbukwa kila mwaka kwa gharama ya jumba. Wanachama walipangwa mstari kwa kimo. Ndugu walikaa kwenye benchi lao. Mchekeshaji, ambaye sasa alikuwa amenenepa na masikio yamepungua ukubwa kwa sababu hiyo, alikuwa na hotuba ndefu, na hotuba alimpa Mama Mdogo amkumbushe. Unyoya alipewa bendera ya chama aipitishe juu ya kamba hotuba ikisomwa, ili watu wawe na kitu cha kutazama.

Bendera ilihitaji mikono yote miwili.

"Tunamshukuru Mwenye Jumba," akaanza Mchekeshaji, "kwa kutupa chumba, na meza, na ufunguo."

Watu wakapiga makofi. Kule juu Unyoya akaweka mguu wa kwanza.

"Tunamshukuru kwa benchi. Tunamshukuru kwa kitambaa laini."

Kamba ikaanza kuvuma, na Mama Mdogo akainua kichwa. Haukuwa mvumo wa mbu. Ulikuwa umeshuka, ukawa mnene, kama nzi aliyenaswa kwenye glasi. Aliwahi kuusikia mvumo ule wiki ile ambayo nyonga ilivunjika karibu na sanduku lake. Unyoya alikuwa ameshaiacha robo ya kwanza. Bendera ilikuwa imemfunika mpaka kidevuni.

"Na tunamshukuru pia..." akasema Mchekeshaji, akakwama.

Vidole vyake vya miguu vikajikunja ndani ya viatu vipya. Akashusha macho kwenye sanduku. Mstari mzima wa wanachama ukashusha macho kwenye sanduku, kwa mazoea tu.

Mama Mdogo alikuwa na ukurasa magotini na aliuona vizuri. Ulisema: kwa uvumilivu wake. Alijua pia kwamba lolote atakalolitoa litapokelewa. Angelisema lile lililokwama chini ya titi, Mchekeshaji angelinguruma, mstari mzima ungelinguruma, na asubuhi wangekuwa wa rangi, na watu wangesema walilitoa moyoni. Akawafikiria watoto wa Mchekeshaji, na wanavyokula.

Kwenye benchi, mke wa Mfalme akaacha kufuma.

"Wamesogea," akasema, si kwa nguvu.

Ilikuwa kweli. Watu wa paziani walikuwa wamebanana bega kwa bega, kama watu wa benchi wanavyobanana kumpa nafasi aliyechelewa. Kati ya kisima na fundi wa mavazi pakawa wazi, upana wa mwanamke mwembamba. Rangi ya pale pembeni ilikuwa inang'aa, mbichi. Mama Mdogo aliitazama ile nafasi. Unyoya alikuwa anakaribia katikati. Paziani macho yakaanza kufumba, jozi baada ya jozi, kuanzia ghorofa ya pili.

Wewe unayesikiliza usisubiri wavu. Haukuwekwa. Kamba ipo palepale, na siku hizi anapita msichana mwingine, mrefu, kutoka mtaa wa nyuma. Sherehe hufanyika kila mwaka na huwa na soda. Ukienda siku ya mapumziko utamkuta Unyoya kwenye benchi kando ya mke wa Mfalme. Ana kibanda cha kurekebisha nguo, na anakuja na kazi yake mkononi. Anamweleza mama yake mdogo wateja walivyo wasumbufu, na kwamba sanduku sasa amepewa mwanamume mwenye kikohozi. Mama Mdogo anasikiliza, karibu na kisima, uso wote ukionekana, na mfagiaji anasema kwamba katika wote yeye ndiye mwenye vidole vya miguu vilivyonyooka.

Lakini mchana ule alikuwa bado wa nyama, na alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akazima taa. Gamba la sanduku lilikuwa na bawaba kwa ajili ya kusafishia, na halikuwahi kufunguliwa watu wakiwapo. Akalisukuma kwa kichwa, likalia, likaanguka upande wa watazamaji. Mama Mdogo akasimama juu ya kigoda, mabega yakiwa yamepita usawa wa jukwaa, vumbi la miaka yote likiwa kwenye nywele. Watu wa viti vya mbele walirudi nyuma kidogo kumpa nafasi.

Mchekeshaji akafungua mdomo apokee. Mama Mdogo akamwinulia kiganja.

"Hili si lako, baba."

"Hili si la..." akasema Mchekeshaji, akajiziba mdomo.

Mama Mdogo akainua uso kuelekea kwenye kamba. Sauti ilitoka kubwa, yenye kutu, na ilikuwa yake.

"Unyoya, mwanangu, shuka," alisema. "Sikutaka upande. Tangu siku ile ulipoinua mkono, mimi sikutaka."